Umbali Uleule, Muda Mwingine: Historia ya Safari ya Anga kati ya London na Nairobi, 1919–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi muda wa safari ya anga kati ya London na Nairobi ulivyopungua kutoka siku kumi hivi mwaka 1931 hadi chini ya saa tisa katika zama za ndege za jeti, ilhali umbali kati ya miji hiyo miwili ni uleule. Maelezo yaliyozoeleka huipa sifa kasi ya chombo. Makala yanadai kwamba kasi ni sehemu tu ya jibu. Sehemu nyingine, inayokaribiana nayo kwa uzito, ni kufutwa kwa muda wa kusubiri: usiku, mpaka, kituo cha kujaza mafuta, kiwanja kisichofaa. Kusubiri huko hakukufutwa na wahandisi peke yao. Kulifutwa na mikataba ya dola, na pia na mikono ya watu waliolazimishwa kufanya kazi. Makala yanahitimisha kwamba muda wa safari ni zao la historia, na kwamba unaweza kurefuka tena pale siasa zilizoufupisha zinapovunjika.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Novemba 1928 mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, Edward, alikuwa ziarani Tanganyika alipopata habari kwamba baba yake ni mgonjwa mahututi. Serikali ya dola kubwa kuliko zote duniani ilitumia kila chombo ilichokuwa nacho kumrudisha nyumbani: reli hadi Dar es Salaam, manowari kutoka Dar es Salaam hadi Brindisi, kisha gari moshi kuvuka Ulaya. Alifika London tarehe 11 Desemba. Safari ilichukua takriban wiki mbili. Tarehe 6 Februari 1952 mrithi mwingine, Elizabeth, alikuwa Sagana, Kenya, alipopata habari ya kifo cha baba yake. Aliruka kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akabadili ndege, na alasiri ya tarehe 7 Februari alikuwa ametua London.

Kati ya matukio hayo mawili ipo miaka 23 hivi tu. Umbali haukupungua hata kwa hatua moja. Kilichopungua ni muda, na upungufu huo ndio unaohitaji maelezo. Katika masimulizi mengi ya historia ya usafiri wa anga maelezo hutolewa kwa neno moja: teknolojia. Injini ziliimarika, mabawa yakaboreshwa, na dunia ikawa ndogo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha maswali mawili bila jibu. La kwanza ni la hesabu: je, ongezeko la kasi linatosha kueleza upungufu wote wa muda? La pili ni la kijamii: upungufu huo ulikuwa wa nani, na nani aliulipia?

Maswali haya yanajadiliwa hapa kwa kuongozwa na mjadala wa kinadharia kuhusu msongano wa mahali na wakati. David Harvey (1989) alieleza kwamba ubepari husukuma daima kuelekea kupunguza muda unaohitajika kuvuka umbali. Doreen Massey alimjibu kwa kuuliza nani hasa anasafiri na nani anabaki akisubiri, kwa kuwa msongano huo haumgusi kila mtu kwa namna moja. Mfano wa London na Nairobi unafaa kuyapima madai hayo kwa sababu miji hiyo iliunganishwa na utawala wa kikoloni, ikaunganishwa upya na dola huru, na leo inaendelea kuunganishwa juu ya anga la nchi nyingi zisizo na uamuzi wa pamoja.

2.0 Umbali kama Hesabu na Umbali kama Njia

Ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Umbali wa kijiografia ni mstari mfupi zaidi unaoweza kuchorwa juu ya tufe la dunia kati ya nukta mbili. Kati ya uwanja wa Heathrow, London, na uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mstari huo una urefu wa takriban kilomita 6,840. Unapita juu ya Ulaya ya kati na Italia, unavuka Bahari ya Mediterania, kisha unaingia Libya na Sudan kabla ya kuifikia Kenya kutoka kaskazini-magharibi.

Njia ni jambo jingine. Njia ni umbali unaosafiriwa kwa kweli, na hupindwa na mahitaji ya mafuta, na hali ya hewa, na ruhusa za serikali. Mwaka 1937 ndege za kutua majini za shirika la Imperial Airways ziliondoka Southampton na kupitia Marseille, Roma, Brindisi, Athens, Alexandria, Cairo, Wadi Halfa, Khartoum, Malakal, Butiaba na Port Bell hadi Kisumu. Mistari inayounganisha vituo hivyo ikijumlishwa, inafikia takriban kilomita 7,400. Mstari mfupi zaidi kati ya Southampton na Kisumu ni takriban kilomita 6,600. Kwa hiyo, njia iliyoonekana kwenye ramani kama mlolongo mrefu wa vituo ilizidi mstari mnyoofu kwa kadiri ya sehemu moja tu kati ya nane.

Matokeo haya yana maana kubwa kwa hoja ya makala. Ikiwa njia ya zamani haikuwa ndefu sana kuliko ya sasa, basi upungufu wa muda hauwezi kuelezwa kwa kunyoosha njia. Inabaki kasi, na inabaki kitu cha tatu ambacho ratiba za mashirika huonyesha kwa nafasi tupu kati ya saa ya kutua na saa ya kuruka.

3.0 Kipindi cha Vituo, 1919–1939

3.1 Viwanja kabla ya ndege

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Uingereza ilituma makundi ya wapimaji kuandaa mlolongo wa viwanja vya kutua kutoka Cairo hadi Rasi ya Tumaini Jema. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 1919, kabla ya ndege yoyote kuipita njia nzima. Katika maeneo kama Abercorn na Ndola vibarua wa Kiafrika walikata miti, wakang'oa visiki na kubomoa vichuguu ili kupata ardhi tambarare. Hivyo, mchango wa kwanza wa Afrika katika historia ya njia hii ulikuwa wa jembe na shoka, na ulikuja kabla ya injini.

Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwa ndege aina ya Vickers Vimy. Walipoteza ndege mbili njiani na kufika Cape Town kwa ndege ya tatu tarehe 20 Machi. Safari ilichukua siku 45, lakini saa walizokuwa hewani zilikuwa zipatazo 110 tu. Kwa maneno mengine, katika kila saa kumi za safari yao, walikuwa angani kwa saa moja. Uwiano huu, uliojitokeza tangu mwanzo kabisa, ndio ufunguo wa kuelewa miongo iliyofuata.

3.2 Huduma ya mwaka 1931

Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilianzisha huduma ya kila wiki kutoka Croydon kuelekea Afrika ya Kati. Abiria walichukuliwa hadi Khartoum. Barua ziliendelea kwa ndege ya majini hadi Kisumu na Mwanza. Barua za kwanza zilifika Mwanza baada ya siku kumi hivi. Januari 1932 huduma ya barua ilifikishwa Cape Town, na Aprili mwaka huohuo abiria nao walianza kuchukuliwa hadi huko, wakipitia Kisumu, Nairobi, Dodoma na Mbeya.

Siku kumi ni saa 240. Ndege za wakati huo zilisafiri kwa kasi ya kilomita 145 hadi 160 kwa saa. Hata njia nzima ikikadiriwa kuwa kilomita 8,000, na kasi ikichukuliwa kuwa kilomita 160 kwa saa, muda wa kuwa mwendoni ni saa 50. Saa 190 zilizobaki zilitumika kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa na sababu zinazoweza kutajwa moja moja.

Sababu ya kwanza ilikuwa usiku. Viwanja vingi havikuwa na taa, na vituo vya redio vya kuongozea ndege vilikuwa vichache. Ndege ilitua kabla ya giza, abiria wakalala hotelini au katika nyumba za wageni, na safari ikaendelea alfajiri. Sababu ya pili ilikuwa mafuta, kwani ndege haikuweza kubeba ya kutosha kwa masafa marefu, hivyo ililazimika kushuka kila baada ya saa chache. Sababu ya tatu ilikuwa kubadili vyombo. Msafiri mmoja alipitia ndege ya nchi kavu, ndege ya majini na gari moshi katika safari ileile.

Sababu ya nne ilikuwa siasa, nayo ndiyo isiyotajwa sana. Mkataba wa Paris wa mwaka 1919 ulikuwa umethibitisha kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Uingereza na Italia zilipokosa kuelewana kuhusu haki za kupita, abiria wa Imperial Airways walilazimika kupanda gari moshi kutoka Paris hadi Brindisi, kisha kuendelea kwa ndege ya majini kuelekea Athens na Alexandria. Katika tangazo la biashara safari hii iliitwa ya anga. Kwa uhalisi kipande kikubwa cha Ulaya kilivukwa juu ya reli, kwa sababu ambayo hakuna injini ingeweza kuitatua.

3.3 Barua ilimtangulia mtu

Mwaka 1937 ndege mpya za majini za Short, zilizojulikana kama ndege za Dola, zilianza kazi katika njia ya Afrika. Kasi yao ya kawaida ilikuwa takriban kilomita 265 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kilomita 7,400 za kutoka Southampton hadi Kisumu zilihitaji saa 28 hivi za kuruka. Hata hivyo safari iliendelea kuhesabiwa kwa siku, kwa kuwa usiku ulikuwa bado ni wa kulala chini. Kutoka Kisumu ndege hizo ziliendelea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban.

Kuanzia Juni 1937 barua za kawaida kati ya Uingereza na Afrika Mashariki na Kusini zilianza kubebwa kwa ndege bila malipo ya ziada, kwa senti moja na nusu ya Kiingereza kwa kila nusu aunsi. Huu ulikuwa upunguzaji wa muda uliowafikia watu wengi kuliko wowote uliotangulia. Mtu asiyeweza kabisa kulipa nauli ya ndege aliweza kununua stempu. Umbali kati ya London na Nairobi ulifupishwa kwanza kwa ajili ya karatasi, na kwa miaka mingi mwili wa msafiri wa kawaida ulibaki melini.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika safari za kisiasa. Mwaka 1931, mwaka uleule ambao huduma ya Imperial Airways ilianzishwa, Jomo Kenyatta na Parmenas Githendu Mockerie walikwenda Uingereza kwa niaba ya chama cha Kikuyu Central Association kupeleka madai ya ardhi. Walikwenda kwa meli. Kenyatta aliporejea Kenya mwaka 1946, alirejea vilevile kwa meli. Maofisa na walowezi ambao madai hayo yaliwahusu waliweza kupeleka hoja zao London kwa barua ya ndege kwa muda ambao wajumbe wa Kiafrika wangekuwa bado baharini. Katika mabishano ya kikoloni, ambamo mara nyingi ushindi ulikuwa wa aliyesikika mapema, tofauti ya muda ilikuwa tofauti ya mamlaka. Hapa swali la Massey linapata jibu la kihistoria: umbali mmoja ulikuwa na urefu mbili, kulingana na nani anayeuvuka.

4.0 Vita na Kupindwa kwa Njia, 1940–1945

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani. Kipande cha Mediterania, ambacho ndicho kilichoiunganisha Ulaya na bonde la Nile, kilifungwa kwa ndege za kiraia za Uingereza. Shirika la BOAC, lililochukua nafasi ya Imperial Airways mwaka huo, lilikuwa na ndege za majini upande wa kusini wa bahari hiyo. Kwa ndege hizo liliunda njia mpya kutoka Durban kupitia Afrika Mashariki na Cairo hadi India na Sydney, iliyopewa jina la umbo la kwato ya farasi.

Katika kipindi hiki Kisumu ilikuwa karibu zaidi na Sydney kuliko na London, endapo ukaribu utapimwa kwa ratiba. Ndege zilikuwa zilezile, marubani walewale, na kasi ileile ya mwaka 1939. Kilichobadilika ni nani aliyelishika anga la Mediterania. Kipindi hiki kifupi ni ushahidi mzuri dhidi ya maelezo ya teknolojia pekee, kwa kuwa kinaonyesha muda ukirefuka bila chombo chochote kurudi nyuma kiufundi.

5.0 Kiwanja: Embakasi na Kazi ya Kulazimishwa

5.1 Tatizo la Nairobi

Baada ya vita ndege za nchi kavu ziliwashinda wapinzani wao wa majini. Kwa muda BOAC iliendesha ndege za Solent zilizotua katika Ziwa Naivasha, lakini huduma hizo zilikoma mwaka 1950. Tarehe 2 Mei 1952 BOAC ilianzisha huduma ya kwanza ya abiria ya jeti duniani, kwa ndege aina ya Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kufika chini ya saa 24 baada ya kuondoka.

Nairobi haikuwa katika orodha hiyo. Jiji liko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi; mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hutoa msukumo mdogo, hivyo ndege iliyojaa huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Joto la mchana huzidisha tatizo. Kiwanja cha Eastleigh, kilichotumiwa wakati huo, hakikuwa na barabara ya kurukia iliyofaa kwa jeti kubwa. Kwa hiyo chombo cha kasi zaidi duniani kilipita kando ya mji mkuu wa utawala wa Kenya na kutua Uganda. Kasi ilikuwepo, ardhi ya kuipokea haikuwepo.

5.2 Nani aliyejenga

Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa kiwanja kipya katika tambarare ya Embakasi, kusini-mashariki mwa jiji. Ujenzi wake uliangukia katika kipindi cha Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Katika miaka hiyo maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walifungwa au kuwekwa kizuizini kwa kutuhumiwa kuhusika na Mau Mau. Sehemu ya watu hao ilipelekwa Embakasi kuchimba, kupasua mawe, kubeba udongo na kusawazisha ardhi ambayo juu yake barabara ya kurukia ingewekwa. Caroline Elkins (2005), katika utafiti wake kuhusu kambi za Kenya, anaitaja Embakasi miongoni mwa mahali ambapo kazi ya kulazimishwa ilikuwa nzito zaidi. Kiwanja kilifunguliwa Machi 1958 na Gavana Evelyn Baring.

Jambo hili halipaswi kuachwa kama tanbihi katika historia ya safari za anga. Barabara ya kurukia ya Embakasi ni kiungo cha lazima katika maelezo ya upungufu wa muda. Bila barabara hiyo, jeti zisingetua Nairobi zikiwa na mzigo kamili, na msafiri angeendelea kupitia Entebbe. Kwa hiyo saa zilizookolewa na abiria ziliwezekana kwa sababu ya miaka iliyochukuliwa kutoka kwa wafungwa. Kuna hapa ubadilishanaji wa muda kwa muda: upande mmoja msafiri anapata siku ya ziada maishani mwake, upande mwingine mtu ambaye hakupangiwa kupanda ndege hiyo anazipoteza zake kwenye kokoto.

Vyanzo navyo vinabeba tofauti hiyohiyo. Ratiba, picha na matangazo ya mashirika ya ndege vimehifadhiwa kwa wingi na kwa uangalifu. Kumbukumbu za kambi zilikuwa na hatima nyingine: nyingi ziliteketezwa au kuondolewa Kenya kabla ya uhuru, na baadhi zilizofichwa nchini Uingereza zilijulikana hadharani mwaka 2011 tu, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai zaidi ya 5,200 kwa mateso waliyopata. Mtafiti anayetegemea ratiba peke yake ataiona Embakasi kama tarehe ya kufunguliwa. Anayesoma ratiba pamoja na ushahidi wa waliozuiliwa ataiona kama gharama.

6.0 Kutoka Mali ya Dola hadi Mali ya Wananchi, 1958–1978

Kiwanja kilichojengwa ili kuisogeza Kenya karibu na London kilitumiwa mapema kwa makusudi mengine. Septemba 1959, mwaka mmoja na nusu baada ya kufunguliwa, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Januari 1960 wajumbe wa Kiafrika walikuwa London kwa mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster. Tofauti na mwaka 1931, safari hii wajumbe waliwasili kwa chombo kilekile walichotumia walowezi na kwa muda uleule. Haitoshi kusema kwamba ndege ilileta uhuru. Lakini mazungumzo ya mwaka 1960, 1962 na 1963, pamoja na wajumbe kwenda na kurudi kushauriana na watu wao, yasingefanyika kwa mwendo huo kama safari moja ingechukua wiki tatu.

Umiliki wa ndege pia ulibadilika. Shirika la East African Airways liliundwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1957 lilianza kufika London kwa ndege za Argonaut, mwaka 1960 likapata Comet 4, na mwaka 1966 likapokea Super VC10. Aina hii ya mwisho inastahili kutajwa kwa sababu inageuza uhusiano uliozoeleka kati ya Afrika na teknolojia. Ndege ya VC10 ilibuniwa kwa mahitaji ya BOAC ya kuruka kutoka viwanja vya joto na vya mwinuko, Nairobi na Johannesburg vikiwa miongoni mwavyo. Mara hii ardhi ya Afrika ndiyo iliyokiamulia chombo umbo lake, badala ya chombo kuiamulia ardhi.

Shirika hilo la pamoja lilivunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Kenya Airways na Air Tanzania ziliundwa mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Embakasi ilipata jengo jipya la abiria na baadaye jina la Jomo Kenyatta. Mtu aliyesafiri kwa meli mwaka 1931 akawa jina la kiwanja ambacho, miaka ishirini kabla, kilijengwa kwa mikono ya watu waliofungwa katika vita ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kutuhumiwa kuiongoza.

7.0 Mjadala: Kuigawa Sababu

Sasa inawezekana kurudi kwenye swali la hesabu. Ndege za leo zisizotua njiani huchukua takriban saa nane na nusu kati ya London na Nairobi, yaani wastani wa kilomita 805 kwa saa. Tukilinganisha na huduma ya mwaka 1931, muda umepungua kutoka saa 240 hadi 8.5, yaani mara 28. Ulinganisho huu una kasoro ndogo, kwa kuwa huduma ya 1931 iliishia Mwanza na vituo vya upande wa Uingereza vilibadilika, lakini hautikisi picha ya jumla.

Upungufu huo wa mara 28 unaweza kugawanywa katika visababu vitatu vinavyozidishana. Njia ilifupishwa kutoka kilomita 8,000 hadi 6,840, mchango wa mara 1.2. Kasi iliongezeka kutoka kilomita 160 hadi 805 kwa saa, mchango wa mara 5. Na sehemu ya safari ambayo chombo kiko mwendoni iliongezeka kutoka saa 50 katika 240 hadi safari yote, mchango wa karibu mara 5 vilevile. Kwa hiyo kufutwa kwa kusubiri kumefanya kazi sawa na ile iliyofanywa na injini.

Ni kweli kwamba visababu hivi vinagusana. Ndege yenye uwezo wa kwenda mbali huhitaji vituo vichache, na uwezo huo ni wa kiteknolojia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kusubiri ilifutwa kwa njia nyingine: mikataba ya kupita angani, hasa baada ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944; taa, redio na vituo vya hali ya hewa; na barabara ndefu ya Embakasi. Kuviita vyote hivyo teknolojia ni kulificha swali la nani aliamua na nani alifanya kazi.

Ushahidi wa mwisho ni wa karibuni. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, na anga la nchi hiyo likafungwa kwa safari za kiraia. Mstari mfupi wa London na Nairobi unapita humo. Ndege zililazimika kuizunguka. Njia inayopita juu ya Bahari ya Sham karibu na latitudo 22 Kaskazini, kisha kushuka kusini hadi Nairobi, hufikia takriban kilomita 7,200: ziada ya kilomita 360 hivi, au karibu nusu saa kwa mwendo wa jeti, pamoja na mafuta ya nusu saa hiyo. Takwimu hiyo inakaribia urefu wa njia ya ndege za majini ya mwaka 1937. Miaka 86 ya maendeleo ya vyombo haikuzuia njia kurefuka pale dola iliyo katikati ilipoparaganyika. Kwa abiria ni dakika 30 za usingizi. Kwa mamilioni ya Wasudani waliokimbia makazi yao chini ya anga hilo tupu, muda wa safari umerudi kuhesabiwa kwa siku na kwa miguu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, kati ya London na Nairobi kasi ya chombo inaeleza sehemu moja tu ya upungufu wa muda. Kufutwa kwa kusubiri kunaeleza sehemu inayolingana nayo. Pili, kusubiri kulifutwa kwa maamuzi ya kisiasa na kwa kazi ya watu, na katika Embakasi kazi hiyo ilikuwa ya kulazimishwa. Tatu, upungufu wa muda haukugawanywa sawa: karatasi iliupata kabla ya mtu, mlowezi kabla ya mjumbe wa Kiafrika, na abiria kwa gharama ya mfungwa.

Matokeo haya yanapendekeza namna ya kuendeleza utafiti. Historia ya mawasiliano katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata wasafiri. Inafaa pia iandikwe kwa kuwafuata waliosubiri na waliojenga: vibarua wa viwanja vya mwaka 1919, wahudumu wa vituo vya Butiaba na Malakal, wafungwa wa Embakasi. Ratiba ya ndege ni chanzo cha kihistoria kama vilivyo vyanzo vingine, na husomeka vizuri zaidi pale mtafiti anapouliza, kwa kila saa iliyofutwa humo, ilifutwa na nani.